Kiti cha Joto cha Mama

Miaka hiyo ya elfu mbili nilikuwa fundi wa umeme wa magari pale Matisi, Kitale, na niliijua kazi kiasi cha kuudhi watu. Kaka yangu alinunua gari lililotoka ng'ambo, viti vyake vya nyuma vina waya za kupasha joto. Tulimcheka sana. Kitale kuna baridi, ndiyo, lakini nani alishawahi kuwashia makalio jiko?

Kisha mama akaanguka shambani, akaumia uti wa mgongo. Kuanzia kiunoni kushuka hakusikia kitu tena. Hospitali ya Kitale ilipomruhusu ilibidi tumrudishe nyumbani Kanduyi, kule Bungoma, na baridi ya asubuhi ilikuwa ikimtetemesha mabega. Kaka akaniletea gari.

"Hii kiti ya kushoto imekataa, na ndio upande rahisi wa kumuingiza," akasema. "Si wewe ndio fundi? Mathe asisikie baridi, bana."

Fyuzi ilikuwa nzima. Swichi ilikuwa inawaka taa. Nikang'oa sehemu ya kukalia, nikapima: umeme unafika, waya za ndani hazijakatika. Kilichokufa ni kile kidude kinachokata umeme kiti kikishapata moto wa kutosha. Kitale nzima sikupata kingine, na kuagiza Nairobi kungechukua siku kadhaa. Nikafanya tunachofanya mafundi wa huku, tunachokiita kupiga dairekti: nikakiruka kidude, nikaunga waya kwa waya. Nikakikalia kiti dakika tano, nikasikia raha, nikajisifu.

Kuuliza si ujinga, na kaka aliuliza kama kuna jambo la kuangalia.

"Wewe endesha tu," nilimjibu. "Kazi yangu haina maswali."

Nilikaa mbele na kaka. Nyuma, joto la kiti likampanda mama hadi juu ya mgongo, palipokuwa bado na uhai. "Baba," akaniambia, alivyozoea kutuita wanawe, "hii joto ni tamu. Mungu akubariki." Nilikuwa nimembana blanketi pande zote. Tulipopita Kiminini alikuwa amesinzia.

Mbele kidogo kaka akasema ananusa kitu kinaungua. Nikamwambia ni watu wanachoma mabua shambani.

Kanduyi tulimwinua mama, gauni likabaki limegandia kiti, na ngozi ya mapaja ikabaki nalo. Yeye alitutazama nyuso tu, akauliza, "Kwani ni nini?"

Kile kidonda hakikufunga. Tulimzika kabla ya miezi miwili kuisha.

Matangani kaka alilia mbele ya watu wote, akisema gari lake ndilo lililomuua mama, kwamba ni yeye na mambo yake ya ng'ambo. Wazee wakamwambia ni mapenzi ya Mungu. Mimi nilikuwa nimeketi karibu naye. Nilimshika bega, nikamwambia anyamaze, asijilaumu. Alinishukuru. Hadi leo hajui nilichounga chini ya kile kiti, na mimi, mwoga mkubwa, sijamwambia.