Kioo cha Stanislas

Televisheni ya Mama Mujinga, ile yenye kisogo kikubwa, ilikuwa imekufa tangu mvua zilizopita. Hata hivyo, kila jioni aliketi mbele yake, mlango ukiwa mgongoni, akaitazama.

Siku moja bintiye Bénie alifika kwake, mtaa wa Katuba, na televisheni mpya, bapa kama sinia.

"Mama, hii télé ilikufaka. Unaangaliaka nini mule?"

"Minaangalia mulango."

"Mulango iko nyuma yako!"

"Ndiyo sababu."

Bénie alicheka. "Baba alikuachia muchezo yake."

Mchezo! Marehemu Stanislas aliketi hivyo hivyo, na kila aingiaye alimsalimu kwa jina bila kugeuka. Watoto wakaamini ana macho kisogoni. Mkewe peke yake ndiye aliyejua. Tangu miaka ile watu wa asili ya Kasai, kama yeye, walipofukuzwa majumbani mwao, wakalala stesheni wakingoja treni na kuzika watoto wao kando ya reli, Stanislas hakuweza kuketi asipouona mlango. Wala hakukubali mtu amkute akiutazama. Kioo kile kilichobinuka, kikizimwa, kilimwonyesha chumba kizima. Ndiyo maana hakuwahi kulalamika umeme ulipokatika.

Nani basi aliyetunga sheria kwamba kifaa kisichotoa picha hakionyeshi kitu?

Lakini wajukuu walikuwa wameacha kuja kwenye nyumba isiyo na picha.

"Itoe," Mujinga alisema hatimaye.

Bénie akaiburuta hadi barazani, akaweka mpya mezani, akaiwasha, kisha akatoka kuifuta vumbi ile ya zamani. Punde umeme ukakatika. Kioo kipya kikawa giza tupu, kisirudishe hata kivuli cha aliye mbele yake. Nyuma, mguu ukavuka kizingiti.

Mujinga aliganda. Hakujua ni nani. Kumbe hapa ndipo mumewe alipoishi miaka yote ile.

"Mama? Ni mimi."

"Rudisha ya baba yako."

"Na hii mupya?"

"Ya batoto, ikae. Ile uiweke chini yake."

Bénie alinung'unika, akaiburuta tena, akaisukuma chini ya meza. Alipokuwa bado amepiga magoti, alichungulia kioo. Humo alijiona mdogo, na nyuma yake mlango, wazi.

Hakucheka tena. Aliinuka, akaenda kuufunga.