Jinsi watafiti wa Brussels walivyogundua kwamba Tonton wetu "anasikia" njaa na usingizi

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi.

Ninayoandika hapa nimeyaona kwa macho yangu mawili na nilikuwemo ndani yake. Atakayeona ni chai, anywe taratibu asiungue ulimi.

Nipo Brussels, nimepanga chumba kwa familia moja ya Wakongo huku Laeken. Mwenye nyumba ni Tonton Deo (tonton ndiyo mjomba kwa Kifaransa), mstaafu, mtu wa Bukavu. Mkewe ni Maman Furaha. Wananiita "mutoto ya Tanzania" ingawa nina kitambi na upara umeshaanza kupiga hodi.

Wale watu wamenilea. Nalisema hili mapema ili mjue sicheki kwa ubaya.

Shida ilikuwa moja tu. Masikio ya Tonton yamechoka, na hataki kuambiwa.

Taarifa ya habari ya sebuleni kwetu majirani wa juu wanaifuatilia bila kuwasha TV yao. Ukimwambia "Tonton, mlango unagongwa", anakujibu "Merci, na weye pia".

Tungecheka yakaisha, kama si tram, zile treni za mtaani.

Jumapili moja tunatoka kanisani, Tonton katangulia mbele, mikono nyuma kama mkaguzi wa barabara, akaingia kwenye reli. Tram ikapiga kengele. Maman akaita "Deo! Deo!" mpaka sauti ikakatika. Mzee anatembea tu. Dereva akafunga breki, abiria wakaangukiana humo ndani.

Tonton akageuka, akaiona tram imesimama karibu na mgongo wake, akampungia dereva mkono kumshukuru kwa kumpisha.

Maman alikaa chini palepale kando ya barabara, na gauni lake la kanisani, akalia kama mtoto.

Nyumbani akamwomba avae vile vifaa vya masikio. Mzee akawa mkali, kwa Kiswahili chake cha Bukavu.

"Mi minasikia muzuri! Ni batu ya huku njo banasemaka na sauti ya chini!"

Sikio la kufa halisikii dawa. Wahenga walimwona Tonton kabla hajazaliwa.

Sasa, siku chache baadaye nikaona tangazo mtandaoni. Maabara ndogo ya utafiti inatafuta wazee wanaozungumza lugha mbalimbali, wapimwe wanavyotambua sauti. Kila mzee ajibu kwa lugha yake ya kwanza. Kama hujui, Brussels ina utafiti wa kila kitu. Ukisimama kituo cha basi muda mrefu, kuna mtu atakuja kukuuliza maswali kuhusu kusimama.

Nikamwonyesha Tonton. Nilijua anaheshimu mashine kuliko watu.

"Bon," akasema. "Mashine ikisema sisikie, nitavaa ile bintu. Lakini ikisema minasikia, Furaha, utaninyamazia. D'accord?"

Maman akakubali kwa sharti moja: aape kwa rozari kwamba huko hatasema uongo hata nusu. Tonton akaapa.

Hapo ndipo ngoma ilipoanza.

Maabara ilikuwa ghorofani juu ya duka la gaufre, zile keki za vishimo vishimo, karibu na uwanja wa Flagey. Mkuu wake, Dokta Liesbeth, ni mama mmoja mchangamfu, anaongea haraka, nywele kama ametoka kukimbizwa. Yeye na mimi tulizungumza English, maana Kiholanzi changu ni cha kuombea kahawa tu.

Utaratibu wenyewe rahisi. Mzee anakaa chumba kisicho na kelele, anavaa headphone, zinapigwa sauti mbalimbali. Kila sauti ikipita, kwenye kioo mbele yake linatokea swali kwa Kiswahili: UNASIKIA NINI? Anajibu kwa mdomo, kompyuta inatafsiri jibu kwa Kiholanzi.

Nikamsomea maelekezo kwa kupaza sauti, kisha nikatolewa nje. Ndani hatakiwi mtu.

Alipotoka, Tonton alikuwa anatabasamu kama bwana harusi. Nikamuuliza imekuwaje. Akasema "Nilisemaka kweli tupu."

Baada ya wiki kama mbili Dokta Liesbeth ananipigia simu, pumzi juu juu. Njooni haraka, mzee wenu ni maajabu.

Nikasema isiwe tabu, twende.

Akanikalisha, akanionyesha majibu.

Walimpigia sauti ya mtoto mchanga analia. Tonton akajibu: "Minasikia njaa."

Walimpigia sauti ya mvua. Akajibu: "Minasikia baridi."

Walimpigia sauti ya mtu anapanda ngazi. Akajibu: "Minasikia maumivu ku goti."

Nikaelewa mara moja alichofanya yule mzee. Hakusikia hata sauti moja! Lakini kaapa kwa rozari, hawezi kudanganya. Kwa hiyo kila swali likitokea, anauuliza tu mwili wake unasikia nini muda huo, anataja. Ilikuwa asubuhi, hajala, chumba kina ubaridi, na goti lile linamsumbua siku zote.

Kompyuta nayo haina baya. Imeandika kwa Kiholanzi kwamba kwa masikio yake anasikia njaa, anasikia baridi, anasikia goti.

"Unaelewa maana yake?" Dokta Liesbeth ananiuliza, macho yamemlowa. "Sisi tunasikia mtoto analia. Yeye anasikia KWA NINI analia!"

Nikasema Dokta, subiri kwanza. Kwa Kiswahili neno hili hili "kusikia" ni la sikio, na pia ni la mwili. Tunasikia njaa, tunasikia usingizi, tunasikia kizunguzungu, hata harufu tunaisikia.

Nilidhani nimemaliza kesi.

Mama wa watu akapiga meza. "Exactly! Lugha yenu imehifadhi uwezo ambao sisi tumeupoteza!"

Akaandika na hilo.

Kuanzia hapo, wakuu, zikaja sayansi zote. Sijui nani alimwambia nani, ila kila tulipoitwa pale tunakuta mtu mpya wa fani mpya na kitu chake mkononi, na mimi safari hii nakaa pembeni kama mkalimani.

Akaja mtafiti wa ndege na yai. Akamwekea Tonton yai sikioni. Unasikia nini, Tonton? "Minasikia huruma." Yule jamaa akaomba dakika moja, akaenda dirishani.

Akaja wa majengo na tofali. "Minasikia baridi." Akaanza kuongea habari za kuta zote za Brussels.

Akaja wa chokoleti na boksi zima. Tonton akala kwanza nyingi, ndipo akaweka moja sikioni. "Minasikia kichefuchefu." Jamaa alisononeka kama kafiwa.

Wa nyota alileta mlio uliorekodiwa kutoka angani huko. Mzee akasikiliza, akafumba macho. "Minasikia usingizi." Wakabishana wao kwa wao kama ile nyota inazeeka.

Kila nikijaribu kueleza, maelezo yangu yanaingizwa kwenye utafiti. Mara wakanipa na mimi headphone.

Nitasema ukweli, nilicheka sana siku hizo. Nikifika chumbani nafunika uso na mto nacheka.

Tatizo ni huku nyumbani. Tonton alipewa karatasi nzuri yenye muhuri, inasema uwezo wake wa kusikia haujawahi kuonekana. Akaitundika sebuleni juu ya picha ya harusi. Maman akitaja masikio tu, anaelekeza kidole ukutani. Ahadi ni ahadi, maman wa watu akanyamaza.

Na sasa mzee anavuka barabara kifua mbele, haangalii kushoto wala kulia. Kuna mwenye baiskeli alimkwepa akaingia kwenye meza za mgahawa. Tonton akasema vijana wa siku hizi hawajui kuendesha.

Usiku huo kicheko changu kilikatika. Niliwaza tram ijayo dereva asipowahi.

Maman alikuja akasimama mlangoni kwangu, vidole vimeshika kitenge.

"Mutoto yangu, uniambie kweli. Ile mashine, ilisemaka kitu gani kabisa?"

Nikamweleza yote, njaa, goti, yai. Nilitegemea atacheka. Hakucheka.

"Njo vile," akasema. "Huyu papa atanikufia mu barabara, na karatasi yake iko ku mur, ku ukuta."

Halafu akauliza mkutano mkubwa ni lini.

Maana kulikuwa na mkutano. Dokta Liesbeth alikodi ukumbi palepale jirani, akaalika wa ndege, wa tofali, wa nyota na wengine ambao fani zao hata sikuzielewa. Kulikuwa na mmoja wa uyoga.

Tonton akakalishwa jukwaani, suti ya bluu, nyaya za vipimo kichwani, masikio wazi, uso kwa watu. Nyuma yake screen kubwa, ili akijibu tafsiri ionekane kwa Kiholanzi na English. Mimi nimesimama pembeni na kipaza sauti. Swali analisoma kwenye kioo kidogo mbele yake, kama kawaida.

Swali likatokea: UNASIKIA NINI?

Kabla hajajibu, nikamwona Maman. Kapanda jukwaani kwa ngazi za nyuma, na viatu vyake vya kanisani vinagonga mbao ko, ko, ko. Akasimama nyuma ya kiti cha mumewe, karibu angeweza kumgusa.

"Deo," akaita. Sauti ya kawaida, ya mtu anayemwita mwenzake mezani.

Mzee anatabasamu kwa watu.

"Deo. Niko nyuma yako."

Mzee akaweka sawa koti lake.

"Deo, ni miye Furaha."

Tonton akavuta pumzi, akaangalia ukumbi ulivyojaa kwa ajili yake, akasema kwa moyo mmoja:

"Minasikia furaha!"

Na kwenye screen, kwa herufi kubwa: HE HEARS JOY.

Wakuu, sijawahi kutafsiri kitu kigumu kama kile. Nikachukua kipaza sauti nikasema: "Huyu mama aliyesimama nyuma yake ndiye Furaha. Ni mke wake. Amemwita mara tatu."

Dokta Liesbeth akaweka mkono mdomoni. Sikumwona akikasirika, namheshimu kwa hilo mpaka leo. Alimwangalia Maman, akamwangalia mzee, akaenda mwenyewe kumvua zile nyaya taratibu.

Ndipo Tonton akageuka.

Maman akazunguka mbele, akainama ili mzee aone midomo yake. Alikuwa analia lakini hakupiga kelele.

"Ile siku ya tram nilikuita, Deo. Nilikuita mpaka sauti ikaisha. Leo tena nakuita, unasema unasikia furaha. Sasa kama ukikufa, mi nitaita nani?"

Mzee alimtazama mkewe. Akaangalia watu wote wale na mayai yao na matofali yao. Akaangalia chini.

"Furaha," akasema, "minasikia haya."

Kompyuta ilikuwa bado inafanya kazi. Ikaandika: HE HEARS SHAME. Hakuna aliyecheka, na safari hii sikuona cha kuirekebisha.

Kesho yake nilimpeleka kwenye duka la vifaa vya masikio hapa hapa Laeken. Alivaa bila ubishi. Siku hizi tram ikilia mtaa wa pili yeye keshasimama, na anatusimamisha wote, tunachelewa misa. Karatasi ya ukutani kaishusha mwenyewe.

Dokta Liesbeth anafanya utafiti mwingine sasa, kuhusu maneno ya mwili katika lugha mbalimbali, na kamwomba Maman ndiye awe anaulizwa. Maman kamjibu atafikiria. Wa nyota sijui aliishia wapi.

Nilichojifunza ni hiki: mtu anaweza kusema kweli tupu kutwa nzima na bado akakwepa swali. Na ukimpenda mtu usitosheke na "nasikia" yake. Mwulize anasikia nini, kwa sikio au kwa mwili, kisha kaa nyuma yake umwite kwa sauti ya kawaida.

Mlio na wazee wabishi majumbani, nyie mliwapataje wakakubali? Na wa lugha nyingine, kwenu njaa inasikiwa, inaonwa au inashikwa? Mwageni uzoefu hapa, matusi pia nayapokea kidogo kidogo.

Semeni wakuu, nawasikia.