Hukumu ya Nyumba ya Jabe

Marehemu baba alikuwa na hadithi moja, na kila Idi, pilau ikishaliwa, lazima tuisikie. Kwamba kabla hajamwoa mama, kuna mtu alitaka kumnyang'anya nyumba yetu ya mtaa wa Jabe, yeye akampeleka mahakamani, akamshinda. Mtu mwenyewe hakuwa na jina wala sura. Mama aliitikia kwa kichwa, kwa fahari, utadhani alikuwepo. Shangazi, dada yake baba, aliyekaa chumba cha uani tangu sijazaliwa, ndipo alipoinuka kuongeza maji ya kunawa. Mimi nilidhani ni uchapakazi tu. Mjinga mimi.

Vita vilipofika mtaani kwetu tulikimbia na nguo za mwilini. Tulipata hifadhi mtaa wa Kibenga, chumba kimoja cha watumishi nyuma ya nyumba ya tajiri aliyekuwa akishonewa suti na baba. Tulikuwa wanne tulipoingia, na haukupita mwaka tukabaki watatu, wanawake watupu. Daktari alisema baba kauawa na presha. Mimi nasema ni uchungu wa kulala chini kwa mtu baada ya maisha mazima ya kusema "kwangu". Mama alivimba miguu, akawa anatembea kutoka mkekani mpaka mlangoni, basi.

Mitaa ilipotulia kidogo nilikwenda Jabe kuangalia nyumba. Nilimkuta mwanamume amekaa kwenye baraza yetu anakata kucha. Hakunitukana. Aliniambia taratibu kwamba nyumba haikuwa na mwenyewe, amepewa, na karatasi anayo. Upole ule ulinikera kuliko matusi. Nikaenda moja kwa moja kwa shefu, mkuu wa mtaa.

"Yeye iko na karatasi," shefu akaniambia. "We uko na nini? Baba yako alishinda kesi, sawa, leta hukumu. Mwezi ukiisha, mi natia mukono kwa karatasi yake."

Karatasi zetu za nyumba ziliporwa pamoja na sanduku la mama tulipokimbia. Na mwezi ulikuwa umebakiza wiki moja na kidogo.

Kwa hiyo nikaanza safari za mahakamani, na shangazi akasema atanisindikiza, kwa sababu siku zile mwanamke hakupita peke yake kwenye vizuizi vya askari. Alifunga viazi vitamu kwenye kitambaa, akavaa kanga yake ya kutokea, tukashika njia kwa miguu asubuhi.

Chumba cha madaftari kilikuwa nyuma ya jengo, dirisha moja limezibwa kwa magunia ya mchanga, kwa hiyo hata saa nne asubuhi karani alisoma karibu na mlango. Alikuwa mzee mwembamba, msalaba mdogo shingoni, sweta ndani ya koti. Nilimwambia shida yangu huku nimejiandaa kugombana. Nilidhani ataniambia hukumu ni siri ya serikali.

"Siri gani?" akasema. "Hukumu inasomwaka mbele ya watu wote, mama. Ni ya watu wote. We, yule, hata adui yako, anaweza kuomba kopi. Haki unayo. Kazi ni kuipata."

Akanieleza. Ukiwa na namba ya kesi, inatolewa siku hiyohiyo. Huna namba, unataja mwaka. Hujui mwaka, unakisia, naye anafungua daftari la kila mwaka na kushuka na kidole, mstari kwa mstari, maana kesi zimepangwa kwa jina la aliyeshitaki. Mwenzake aliyekuwa akijua kila faili liko rafu gani aliuawa akirudi nyumbani. Kisha paa likavuja, mafaili yakahamishwa na watu wasiojua.

"Nani alishitaki?"

"Baba yangu," nikajibu, kifua mbele.

"Jina gani? Ya musikiti ao ya kitambulisho?"

Alitujua, yule mzee. Sisi Waislamu wa mji ule baba zetu walikuwa na jina la kuitwa msikitini na dukani, na jingine la Kirundi la kumwonyesha askari. Nikampa yote mawili, pamoja na mwaka ambao mama aliolewa. Akaanza kurudi nyuma kutoka hapo.

Siku ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Shangazi alikaa kwenye benchi la ubao ukutani, mikono mapajani, hamtazami karani wala mimi. Siku ya tatu tulifika tumechelewa kwa sababu ya milio ya risasi upande wa juu, nikamlipukia yule mzee bila kosa, nikamwambia labda macho yake yameisha, wamlete anayejua kusoma. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akairudisha puani.

"Tuanze tena," akasema. Niliona aibu, lakini pole sikumpa.

Siku ya tano alifunga daftari la mwisho, akaweka kiganja juu yake.

"Baba yako hakushitaki mutu hapa, mama. Si kwa jina ya musikiti, si kwa ile ingine."

Nikaanza kulia, na mimi nikilia huwa ni kwa hasira. Nilisema baba yangu hakuwa mwongo, miaka yote ile alikula kiapo mbele yetu, na sasa mwizi atalala chumba nilichozaliwa. Karani hakujua aangalie wapi. Ndipo nikasikia benchi limelia. Shangazi alikuwa amesimama.

"Angalia kwa jina yangu," akasema.

Karani alichukua kalamu. Aliandika jina la shangazi, la kitambulisho, akafungua daftari lilelile alilofunga, na kidole kikasimama kabla hajafika katikati. Faili likapatikana kwenye rafu ya chini, limefungwa kwa kamba ya mkonge, na ukurasa wa mwisho una alama ya dole gumba kwa wino wa zambarau. Akatusomea Kifaransa, kisha akarudia kwa Kiswahili polepole. Kwamba kiwanja cha Jabe alikinunua dada mtu kwa biashara yake ya maandazi. Kwamba kwa kuwa hakujua kusoma, alimtuma kaka yake akamwandikishie, na kaka akajiandikisha mwenyewe. Kwamba mahakama inamrudishia dada nyumba yake.

"Siri ya mtungi aijuaye kata," karani akajisemea, akaanza kunakili kwa mkono, maana mashine ya kupiga chapa ilikuwa imeibwa. Mpaka adhuhuri ndipo alipogonga muhuri.

Nje nilimshika shangazi mkono, vibaya.

"Siku tano! Kwa nini umeniacha nihangaike?"

"Nilikuwa naomba Mungu isipatikane," akasema.

"Na nyumba ingekwenda?"

"Ingekwenda. Kisha nikakuona unalia."

Nikamuuliza mbona hakumtoa baba wakati ule, na hukumu anayo mkononi.

"Alikuwa anataka kuoa. Angemuweka wapi mama yako?" Akajifunga kanga vizuri. "Kwa shefu, soma vile iko. Nyumbani, soma jina ya baba yako."

Nilimchukia baba njia nzima mpaka Jabe. Shefu alisoma, akamtazama shangazi, akasoma tena, akasema yule mpole atatoka. Kweli alitoka baadaye, na milango yetu yote akaenda nayo.

Kibenga tulifika baada ya alasiri. Mama alikuwa mlangoni, miguu kaiweka juu ya debe, ananiangalia mikono. Nikaketi mbele yake, nikafungua karatasi. Kifaransa hakukijua. Nikamsomea kwa Kiswahili, na kila palipokuwa na dada niliweka jina la baba, na palipokuwa na kaka nikasema "mtu fulani". Shangazi alikuwa hapohapo amechuchumaa, anamenya viazi.

Mama alilia kwa furaha, akapangusa machozi na mtandio.

"Umesikia, wifi?" akamwambia. "Kaka yako kafa na bado anatupatia pa kulala. Bila yeye leo ungekuwa wapi?"

"Kweli, wifi," shangazi akasema, akachukua kiazi kingine.

"Hebu soma tena," mama akaniambia. "Pale anaposhinda."

Nikasoma tena.