Kiti cha Saidi

Nakumbuka adhuhuri moja, mwanangu, hapa Forest, mtaa wetu wa ugenini Ulaya, niliponyoosha kidole kwenye picha ya gari jekundu nikasema, "Hili." Natamani mkono ule ningeuacha mfukoni.

Mezani palikuwa na picha mbili za magari ya kujiundia nyumbani. Unaletewa chesi na bodi, unatafuta injini ya gari kuukuu, unaunganisha mwenyewe mpaka upate mfano wa gari la mashindano la matajiri. Watu wa hapa huita seti hiyo "kit". Sisi wa Buyenzi, Bujumbura, ulimi wetu haupendi neno liishie hewani, tukasema kiti.

Saidi, rafiki yangu tangu tulipokuwa madereva kule nyumbani, alipenda picha ya pili: gari la kizamani, lililoinuka, mlango mpana. Hakueleza kwa nini, wala sikuhitaji kuelezwa. Goti lake la kushoto lilikuwa halikunjiki tangu miaka ya vita. Mimi nilitaka lile lililolala chini kama mjusi, usukani kulia kama magari tuliyozoea kwetu.

"Usukani kulia, hapa wanakoendesha upande wa kulia wa barabara?" akauliza. "Ukitaka kulipita lori, nani atakutazamia mbele?"

"Wewe. Utakaa kushoto, uniambie pita."

Akacheka. "Bon. Kiti umeninunulia, ndugu yangu. Sasa pa kukaa?"

Nami nikacheka, nikijua kabisa kwamba anauliza kweli.

Tulilijenga miaka minne, kila Jumapili. Saidi alilala chini ya chesi, mguu wake umenyooka hadi nje ya garaji, majirani wakiuruka na kumsalimu. Breki alizifunga yeye. Nyaya za taa nilizozigeuza kimakosa, yeye ndiye aliyezigundua. Kwenye ukaguzi tulikataliwa mara mbili. Mara ya tatu mkaguzi alilizunguka, akapiga muhuri, kisha akaomba apigwe picha nalo.

Siku ile ya kulitoa barabarani mara ya kwanza siwezi kuidharau, hata kwa majuto. Nilipoingia Chaussée de Wavre, barabara ya maduka ya Waafrika, wateja walitoka kwenye maduka ya vitenge, vitambaa vyao mikononi. Mama mmoja wa Lubumbashi alipiga vigelegele, akaniuliza, "Papa, hii ni yako kweli?" Nikamjibu ni yetu. Watu wawili tuliofika nchi hii na begi moja moja tulikuwa tumeunda gari, nalo linanguruma, na mtaa mzima unatushangilia. Nililia mbele za watu, sikuona aibu.

Lakini kiti cha kushoto kilikuwa kitupu. Asubuhi ile Saidi alijaribu kuingia mara mbili, goti likakataa. Akaufunga mlango polepole, kama wa chumba alimolala mtoto.

"Nenda," akasema. "Sauti yake nitaisikia."

Mwanangu, ukichagua kitu mtakachokijenga wawili, usianze na rangi. Muulize mwenzako atakaa wapi. Na kama jibu unalijua, usijifanye hujui. Mungu akupe mikono hodari na kazi ya kujivunia, na akuwekee mwenzako karibu siku ya furaha.

Gari bado linawaka mara moja tu ukiligusa. Saidi tumeshamzika. Chaguo langu lilinigharimu hili: aliyelijenga gari lile hakulikalia hata siku moja, na nikifika nyuma ya lori, hakuna wa kuniambia pita.