Kibuyu cha Tusekile

Juzi binti yangu alimwona mwanawe amevimba tumbo, akamwondolea kikombe cha maziwa, akampa uji wa ndizi. Jioni mtoto akawa anacheza. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia.

Ugonjwa wa sotoka ulipomaliza ng'ombe wetu, mdogo wangu Tusekile alikuwa bado ananyonya. Alikua kwa ndizi na samaki, maziwa ya ng'ombe hayajui. Alasiri moja alikuwa ametoka kwenye homa, amebaki mifupa, na baba alikuwa amechukuliwa kubeba mizigo ya Wajerumani. Mama akaenda Ndandalo kwa kaka yake, akarudi na kibuyu cha maziwa mabichi, yananuka ng'ombe na moshi. Kwetu watu wazima walikunywa yaliyoganda. Mabichi yalikuwa ya kumtia mgonjwa nguvu.

Tusekile akanywa. Tumbo likaanza kunguruma, nami nikafurahi, nikidhani ng'ombe wa mjomba ameingia humo anamwita ndama wake. Kisha akaharisha, akajikunja, akakaza meno.

"Bado hayajamtosha," mama alisema huku akiinua kibuyu tena. "Mshike kidevu, mwanangu."

Nikamshika.

"Dada, basi," Tusekile alisema.

Nikambana pua ili ameze. Kila alipoharisha tulimwongezea, mpaka kibuyu kikakauka, na yeye akanyamaza mapajani mwangu.

Tulimzika kando ya migomba. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, akajilaumu mpaka kufa kwake kwamba kibuyu kilikuwa kidogo.