Uji wa Ukuta wa Mama Hadija

Siku yangu ya kwanza katika ujenzi wa udongo nilipewa mfuko mtupu wa saruji niukalie. Nilikuwa nimetoka mtaa wa Nyamirambo, Kigali, na mwiko wangu, fundi wa matofali ya saruji kwa miaka mingi, na kiwanja cha Gahanga kilinipokea kama mwanafunzi. Msimamizi, Mnyarwanda aliyelelewa Bukoba, aliunyooshea kidole ule mfuko.

"Kalia vizuri, bwana. Hiyo ndiyo saruji yote utakayoiona hapa mpaka mvua zirudi."

Kilikuwa kiangazi, na kiangazi ndicho darasa la udongo. Tulijifunza kuupima kwenye chupa: unatia udongo na maji, unatikisa, unaacha utulie. Mchanga hutangulia chini, udongo wa mfinyanzi hukaa juu. Mfinyanzi ukizidi, ukuta utapasuka. Tuliukanyaga kwa miguu, tukaujaza kwenye kalibu, tukatoa rukarakara, yale matofali yasiyochomwa. Hukaushwa kivulini kwanza, maana jua la ghafla huyavunja. Jioni nilirudi nyumbani nikinukia mvua, na mvua yenyewe bado iko mbali.

Nyumba tuliyojifunzia ilikuwa ya Mama Hadija, mshonaji wa Nyamirambo, mjane aliyeishi vyumba vya kupanga tangu aolewe. Alikwisha kumuaga mwenye nyumba. Mvua zikianza, awe kwake.

Kuta zikapanda, paa pana likakaa juu kuzikinga. Ikabaki lipu. Fundi wa Lipu alikuwa bibi wa Gahanga, na Kiswahili chake alikiokota huku na huku kama wengi wetu Kigali. Alichanganya udongo, mchanga na mavi ya ng'ombe, kama alivyofundishwa na mama yake. Mavi huushika udongo usipasuke. Ukuta wa chumbani ukatoka laini kama kibuyu.

Mama Hadija alikuja, akaugusa, akanusa vidole.

"Bibi, umetia nini humu?"

"Mavi ya ng'ombe, mama. Iko nzuri sana. Hata mufarme arikuwa na nyumba kama hii."

"Mfalme hakuwa na udhu wa kutunza."

Kwetu Waislamu mavi yale ni najisi, na hakuna aliyekuwa amemuuliza Mama Hadija. Msimamizi akamshauri atandike mkeka.

"Chini nitatandika, baba. Ukuta niutandike nini? Mimi nikimaliza kusali naegemea." Akafunga mtandio wake. "Kama ndiyo hivyo, acha nirudi nikamwombe mwenye nyumba chumba changu, kama hajakitoa."

Mwenzetu mmoja alipendekeza saruji. Msimamizi alikataa: saruji juu ya udongo hufungia unyevu ndani, ukuta ukaoza huku umevaa vizuri. Tukatazama mawingu upande wa Bugesera.

Fundi wa Lipu alikuwa bado anaukodolea macho mtandio wa yule mama. "Wewe mushonaji," alimwita, "kora ya shati inasimama na nini?"

"Wanga. Uji wa muhogo."

"Basi! Tupikie ukuta uji."

Tulicheka, lakini sufuria iliinjikwa. Tukaikwangua lipu ya chumbani yote, tukapaka vipande vya majaribio, kila kimoja na kipimo chake cha uji badala ya mavi. Vilipokauka, Mama Hadija mwenyewe alivipitishia kiganja. Kimoja hakikuwa na ufa, wala hakikuacha vumbi mkononi.

"Hiki," alisema. "Nje wekeni mchanganyiko wa bibi. Nje siegemei."

Mvua ya kwanza ilimkuta ndani, mlango wazi, akiitazama.

Baadaye nilipelekwa mtaa wa Gitega, humo humo Kigali, chini ya Mhandisi mwenye haraka, kutengeneza nyumba zilizobanana. Aliagiza tuchanganye udongo asubuhi ile ile tuliyofika. Nilimwomba kwanza tuingie tumuulize mwenye nyumba analala wapi, anapika wapi, anaegemea wapi. Alinung'unika, akaingia. Kutoka hapo alikuwa akitangulia yeye kuuliza.

Sasa nimestaafu, magoti yamekataa kukanyaga udongo. Juzi nilipita Gahanga. Ndani, usawa wa mabega ya mtu aliyeketi, lipu ya Mama Hadija imelika, imeng'aa. Nilimwambia nitamletea kijana aizibe.

"Usithubutu, fundi," alisema, akaketi mkekani, akarudisha mgongo wake pale pale. "Ndiyo kwanza inanikaa."