Chupa ya Pili ya Gesi

Kama gesi ndiyo inayoleta baridi, kwa nini kuiongeza kulileta joto? Nilimuuliza baba swali hilo nikiwa na miaka minane, wakati wa vita, siku aliyoketishwa juani katikati ya soko la Kindu na chupa tupu ya gesi kichwani. Alitabasamu tu, na tabasamu lile liliniudhi kuliko vicheko vya watu.

Baba alikuwa fundi wa friji. Kamanda mmoja, aliyemfukuza jirani yetu na kuikalia nyumba yake, alimwita aje kujaza gesi klimatizeri, mashine yake ya kupoza hewa.

"Imetosha, mukubwa," baba alisema.

"Ongeza! Mukubwa hapa ni nani, ni weye ao ni miye?"

Baba akaongeza. Kesho yake mashine ikapuliza hewa ya moto, na kamanda akatangaza sokoni kwamba fundi ameiba gesi ya mashine yake. Tangu hapo tuliitwa watoto wa mwizi. Baba alikufa na jina hilo. Mimi mwenyewe, nisiyeamini kitu bila ushahidi, kuna miaka niliyoshuku kwamba aliiba kweli.

Jibu nililipata chuo kikuu. Gesi ikizidi kipimo, inajaa kama maji kwenye mabomba ya nje, joto linakosa pa kutokea, na ubaridi unapungua. Nilipoelewa hilo sikufurahi. Nilianza kumtafuta yule kamanda.

Hakuwa mbali. Siku hizi ananunua madini hapa hapa Kindu. Wachimbaji humletea kutoka Kampene na kulalamika kwamba mizani yake inawapunja. Mwaka huu alitafuta fundi wa klimatizeri; mimi, binti niliyerithi kazi ya baba, nikaenda. Hakunitambua.

"Mama, ongeza gesi. Mafundi wote wanaongeza, baridi haiko. Wezi tu!"

"Tuipime kwanza, papa. Kwa mizani yako."

Nikaivuta gesi yote na kuiingiza katika chupa tupu niliyokwisha kuipima, kisha nikaiweka mizanini mbele ya wachimbaji. Ilikuwa karibu mara mbili ya kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa mashine.

"Hakuna aliyeiba," nikasema. "Ao ni mizani yako inadanganya?"

"Jibu, papa!" mchimbaji mmoja akapaza sauti. "Hata siye tunangojea hilo jibu!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Hapo nikamwambia mimi ni mtoto wa nani.

"Sema baba yangu hakuiba."

Akanong'ona.

"Kwa sauti."

Akarudia, jasho likimtiririka shingoni. Nikamwachia chupa miguuni na mashine tupu ukutani, nikaondoka.

Miezi ilipita kabla sijamsimulia mama. Alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Baba yako alimujua yule. Ukimwambia imetosha, ataamuru zaidi. Ile mashine chupa moja iliitosha, mwanangu. Asubuhi ile alipoitwa, alitoka hapa na mbili."